Khati za Pato Lililopotea
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Wengi wenu mna wajomba na mabinamu huko Ruangwa na Nachingwea, na kila msimu wa korosho hupata khabari zao. Tumchukulie basi mkulima wa Likunja aliyegongwa na gari akavunjika mkono. Anashitaki, anashinda, walakin kwa pato lake lililopotea hapati hata senti. Hakimu hakumwonea. Alimwuliza alikuwa akipata kiasi gani, naye hakuwa na jibu illa neno lake tupu.

Sheria ya Bara ni wazi. Pato lililokwisha kupotea kabla ya hukumu ni fidia maalumu: hapana budi litajwe kwa hesabu yake katika hati ya madai, kisha lithibitishwe barabara. Mahakama ya Rufaa ya Tanzania ililisema hilo katika hukumu iliyochapishwa katika ripoti za sheria za 1992, na majaji wa Uingereza walikwisha kulisema zamani. Maumivu na kilema hakimu huyakadiria kwa busara yake. Shilingi za msimu uliopita hakadirii.

Mwajiriwa ana nafuu. Akiumia kazini, uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya 2008 ukaanza kazi 2015, ambao humlipa asilimia 70 ya mshahara wake kwa muda asiojiweza, hadi miezi 24. Ama mkulima wetu hana mwajiri wala karatasi ya mshahara. Hata kibarua wa mkonge wa zamani, ambaye kipande chake cha siku 30 kilimtesa sana, angalau siku zake zilikuwa zimeandikwa.

Hata hivyo khati anazo, na hili khasa ndilo lililonisimamisha leo. Chini ya mpango wa stakabadhi ghalani, ulioanza 2007, korosho hupimwa katika chama cha msingi, mkulima akapewa stakabadhi. Chama kikuu cha RUNALI huzipeleka mnadani, na fedha huingia benki. Kilo, bei na makato, yote yameandikwa. Aliyepoteza zake akaombe nakala kwa karani wa chama na kwa benki. Aliyeuza kwa kangomba, shauri yake. Bakuli la mlanguzi halitoi risiti.

Tena khati za msimu mmoja hazitoshi. Mwaka 2018 minada ilivurugika, Serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kilo. Jee, mwaka kama huo waweza kuwa kipimo cha miaka mingine? Zikusanywe za misimu mitatu au minne.

Kosa kubwa nilionalo ni kudai jumla yote ya stakabadhi. Jumla si pato. Itolewe kwanza palizi, dawa na ujira wa vibarua. Isitoshe, mikorosho haikuvunjika mkono pamoja na mwenyewe. Ilizaa kama kawaida. Ikiwa nduguze waliziokota na kuziuza, khasara yake ni ujira aliowalipa, pamoja na zile zilizoharibika shambani kwa kukosa mtu. Mwenye kudai mavuno yote, na hali korosho zake zimekwisha kuuzwa, hukosa kusadikiwa hata kwa lile la kweli. Kila aliyelipwa, basi, atie sahihi au dole gumba, na tarehe na kiasi viandikwe.

Iwepo pia karatasi ya polisi, ile PF3, na cheti cha daktari. Cheti kisichosema zaidi ya kuwa mkono umevunjika hakitoshi. Kiseme ni wiki ngapi hawezi kushika jembe. Na asikawie: huko Bara madai ya namna hii hufungwa baada ya miaka mitatu.

Sisi hapa Visiwani tusiwacheke. Mwenye shamba la karafuu ana risiti za Shirika la ZSTC. Lakini mchumaji, ambaye ndiye hasa apandaye mkarafuu na ndiye aangukaye, hulipwa kwa pishi na kurudi nyumbani bila karatasi yoyote. Na awe na daftari, aandike kila jioni pishi zake na malipo yake, na mwenye shamba atie sahihi papo hapo, kabla hawajaachana.