El Shaddai, Jina la Mwenyezi

Jioni hii nataka kuwaeleza habari za jina moja la Kiebrania, ambalo wengi wenu mmeliona limeandikwa juu ya mabasi na milango ya maduka, labda pasipo kuuliza maana yake. Jina hilo ni El Shaddai.

El ni Mungu. Lakini Shaddai, wenye elimu hawapatani juu ya asili yake. Marabi wa Kiyahudi walilieleza zamani kuwa ni Yeye atoshaye. Wengine hulilinganisha na neno la Kiakadi, lugha ya kale ya Babeli, lenye maana ya mlima. Sisi watu wa Mpale twapendezwa na maana hii ya pili, kwa kuwa twakaa mlimani. Mtu wa bondeni Korogwe huteka maji ya mto Luengera, yaliyoshuka kutoka Usambara, wala hakupata kuiona chemchemi yake. Katika Kiswahili jina hilo limefasiriwa Mwenyezi, yaani mwenye enzi, neno litumiwalo na Waislamu na Wakristo pia.

Kwanza twalisikia katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 17. Ibrahimu alikuwa na umri wa miaka 99, na mkewe Sara hakuwa amezaa. Hapo ndipo Mungu alipojitaja kwa jina hili na kuahidi mwana, jambo ambalo kwa akili ya kibinadamu lilikuwa limekwisha pita. Ibrahimu alicheka; hata hivyo hakukataliwa.

Sasa angalieni jambo ambalo wale waliandikao mlangoni kama hirizi hawalifikiri. Jina Shaddai limo mara 48 katika Agano la Kale, na mara 31 kati ya hizo zimo katika kitabu cha Ayubu, mtu aliyepotewa na mali, watoto na afya. Naomi naye, aliyefiwa na mume na wana wawili katika nchi ya Moabu, alirudi Bethlehemu akasema ya kuwa Shaddai ndiye aliyemtia uchungu. Hawa hawakusema kwamba Mungu amedhoofika, wala hawakumtafuta mwingine. Uweza usio na mpaka waliuamini hata wakaupelekea mashtaka yao. Nami naona imani ya namna hiyo ni kubwa kuliko ya mtu asifuye tu siku ya mavuno.

Hata kwetu Afrika Mashariki liko jambo la kufanana na hilo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Juni alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Mwezi wa Julai mkewe Rosina akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Kaburi lao li ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa, na hapana mtu ambaye angalimlaumu kama angalipanda jahazi arudi kwao. Hakurudi. Aliendelea na kazi ya lugha, na mwaka 1848 akapanda milima yetu ya Usambara mpaka Vuga, kwa mfalme Kimweri.