Tulivyokifuta kicheko chetu wenyewe

  Leo sitazungumzia siasa wala bei ya unga. Nataka tuzungumze juu ya kucheka, na hasa kule kucheka kwa masikio, pale ambapo hakuna picha yoyote ila sauti tu inayotoka kwenye redio.

Bila shaka wengi wenu mmekiona kichekesho cha Waingereza kiitwacho Mind Your Language, kilichoanza kuonyeshwa kwao mwaka 1977. Yule mwalimu Brown na darasa lake la wageni waliokuja London kujifunza Kiingereza, kila mmoja akikivunja kwa namna ya kwao. Kanda zake za video zilizunguka mitaani kwetu hadi zikachakaa. Tulicheka kwa sababu tulijiona wenyewe mle ndani. Nani kati yetu hakuwahi kusimama darasani, Kiingereza kikamkwama kooni? Lakini mtindo huo wa watu wale wale, mahali pale pale, kila wiki na balaa jipya, Waingereza walikuwa wameuzoea kwenye redio kabla runinga haijaenea majumbani mwao.

Wakati wa vita kuu ya pili walikuwa na kipindi kilichoitwa ITMA, cha mchekeshaji Tommy Handley. Kilianza mwaka 1939, na kilikoma Handley alipofariki mwaka 1949. Jina lenyewe lilitokana na maneno ya magazeti juu ya Hitler, kwamba huyo mtu kazuka tena. Hebu fikiri: mabomu yanaanguka mijini, na watu wanakaa kuizunguka redio wakicheka. Halafu mwaka 1954 akaja Tony Hancock, aliyeandikiwa na vijana wawili, Ray Galton na Alan Simpson. Hancock katika mchezo ni mtu wa ndoto kubwa na mfuko mdogo, anayeishi kwenye mtaa wa kubuni uitwao Railway Cuttings, yaani kando ya reli.

Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana na mimi ni mtu wa kando ya reli. Nimekulia Zuzu, magharibi ya mji wa Dodoma, pale reli ya kati inapopita ikielekea Bahi na Manyoni. Watu wa ndoto kubwa na mfuko mdogo tulikuwa nao tele, na mmoja wao alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa na redio ya betri nne. Betri zikichoka zilianikwa juani juu ya tembe, zipate nguvu za kumalizia wiki. Zilizopata nguvu hazikuchezewa ovyo: taarifa ya habari, matangazo ya vifo, na michezo ya kuchekesha. Ndugu zangu wa umri wangu na walionizidi mnakumbuka Pwagu na Pwaguzi ya Redio Tanzania Dar es Salaam, wale wajanja wawili waliotoka kwenye methali yetu wakaingia hewani. Mnakumbuka na Mahoka. Baba hakuwa mtu wa kucheka hovyo, lakini saa ya michezo hiyo alikuwa akigeuza uso ukutani ili sisi watoto tusimwone. Mabega yake ndiyo yaliyomchongea.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae mbele ya kipaza sauti leo.

Mwaka 2004, nikiwa nimetoka chuoni na stashahada yangu ya uandishi wa habari, nilipata kazi katika kituo kimoja cha redio ambacho sitakitaja. Siku moja wakaja wazee watatu kutoka Zuzu. Walikuwa na kikundi chao cha maigizo, walikuwa wakichekesha watu kwenye sherehe na mikutano ya kijiji, nao walitaka wasikike redioni. Kiongozi wao nilimjua tangu utotoni. Alikuwa na shamba la zabibu si mbali na kwetu. Meneja akakubali, mradi wasidai malipo.

Walirekodi sehemu nane, kila moja ya dakika kumi hivi. Mzee mwenyewe alicheza mdaiwa, mtu ambaye ana madeni kuanzia dukani hadi kwa fundi baiskeli, na kila anayedai huahidiwa kesho. Sauti zote walizitengeneza wenyewe. Mvua ilikuwa uwele uliomwagwa taratibu kwenye sinia. Baiskeli ya mdai ilikuwa baiskeli hasa, tena ilibidi nigombane na mlinzi getini ndipo aturuhusu kuiingiza studio. Baadaye nimesoma kwamba BBC nako, katika The Goon Show, kipindi cha Spike Milligan na wenzake kilichodumu kutoka 1951 hadi 1960, mafundi wa sauti walikuwa wakihangaishwa kwa maajabu ya aina hiyo hiyo. Wazee wangu hawakuwa wamesikia habari za Milligan hata siku moja.

Meneja alipowaambia waseme Kiswahili fasaha, wapunguze lafudhi ya Kigogo, mzee alimtazama kwa upole akamwambia, "Mwanangu, deni halidaiwi kwa Kiswahili fasaha." Wakaendelea kama walivyoanza.

Sehemu ya tano ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Mdai anafika na baiskeli yake, anapiga hodi, "Mbukwenyi!" Mdaiwa amejificha ndani ya kihenge cha uwele. Mkewe anasema mume wake amesafiri, yuko Manyoni. Mdai anajibu hana haraka, atamsubiri, na anakaa. Mama wa watu, kwa heshima ya mgeni, analazimika kumwandalia ugali na mlenda. Basi unasikia mtu anakula. Anakula bila haraka, anasifu mboga, anaomba maji, anaongeza tonge. Halafu kimya. Kimya kirefu mpaka mtu wa mitambo siku ile alidhani kanda imekatika. Ndipo unasikia sauti kutoka ndani ya kihenge: "Mama nanihii, na Manyoni huku tuleteeni kidogo!"

Nawaambieni, Jumamosi ile jioni sokoni watu walicheka kiasi cha kuegemeana.

Kimya kile ndicho kinachonishangaza mpaka leo. Galton na Simpson waliandika mwaka 1958 kipindi kizima cha Hancock juu ya Jumapili alasiri isiyo na jambo lolote. Watu wamekaa nyumbani, mvua inanyesha, hakuna pa kwenda, wanapiga miayo, wanauliza saa. Redioni kimya ni kama sumu. Mtangazaji akinyamaza sekunde tano wasikilizaji wanaanza kuzungusha kitufe watafute kituo kingine. Ujasiri wa kunyamaza huwa nao mtu anayejua kwamba msikilizaji amemshika. Waandishi wale wa London walikuwa nao, na mkulima wa zabibu wa Zuzu alikuwa nao.

Mwaka 2005 ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu. Mikutano ya kampeni ilikuwa kila siku, na kaseti tupu zikaisha stoo. Niliomba zinunuliwe nyingine, nikaambiwa nitumie zilizopo, "zile za vichekesho si zimeshatangazwa?" Nilizichukua. Sikumtuma mtu. Mimi mwenyewe niliziweka moja baada ya nyingine kwenye mashine, nikabonyeza kile kitufe chekundu, nikarekodi hotuba juu yake. Hotuba zenyewe nani anazikumbuka leo? Hata waliozitoa hawazikumbuki.

Mzee alifariki miaka sita baadaye. Baada ya mazishi binti yake alinifuata, akaniambia, "Kaka, ile sauti ya baba mnayo kule redioni? Tunaiomba, watoto waisikie." Nilimwambia nitatafuta. Hilo ndilo jibu nililompa, msikilizaji. Yaani nilimjibu kama mdaiwa wa kwenye mchezo. Ilinichukua karibu mwaka mzima kwenda kumwambia ukweli.

Kama kuna faraja, ni ndogo: hata wenye fedha walifanya hivyo hivyo. BBC, pamoja na ukubwa wake, ilifuta kanda nyingi sana za redio na runinga, kwa sababu kanda zilikuwa ghali na makabati yalikuwa yamejaa. Vipindi vya redio vya Hancock karibu 20 havijapatikana mpaka leo. Katika kichekesho chao mashuhuri cha runinga, Dad's Army, kuna vipindi vitatu vya mwaka 1969 ambavyo picha zake zimepotea kabisa. Hadithi zake zinaendelea kusikika kwa kuwa miaka ya 1970 zilirekodiwa upya kwa ajili ya redio. Kwa mara moja redio ikaiokoa runinga!

Na vilivyopona viliponaje? Vingi ni kwa sababu BBC ilikuwa na idara maalumu ya kunakili vipindi kwenye sahani za santuri na kuviuza kwa vituo vya nchi nyingine. Kilichofutwa nyumbani kikabaki ugenini. Vingine viliokolewa na wasikilizaji wa kawaida waliokuwa wakirekodi kutoka redioni sebuleni kwao. Mwaka 2022 hivi kilipatikana kipindi cha Hancock cha mwaka 1955, kikiwa kwenye kanda ya aina hiyo ya nyumbani. Karibu miaka 70 kilikuwa kimelala kwa mtu!

Najua yupo anayesema: haya ni vichekesho tu, kuna mambo ya maana zaidi. Huyo nampa mfano wa hapa hapa Dodoma, na mfano wenyewe unanihusu.

Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Haukuwa mchezo wa vichekesho, ulikuwa wa mafunzo juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI, lakini ulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, ambaye nchi nzima ilimcheka na kumlaani kwa pamoja. Nchi nzima, isipokuwa sisi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mjomba alikuja kwa treni kutoka Morogoro, usiku akasema, "Huyu Mkwaju safari hii amezidi." Tukamuuliza, Mkwaju ndiye nani? Akadhani tunamtania. Tulizungusha redio ya baba mpaka mkono ukauma, na Mkwaju hatukumpata.

Sababu niliijua chuoni miaka mingi baadaye. Watafiti walitaka kujua kama mchezo wa redio unabadilisha tabia za watu, kwa hiyo walihitaji eneo moja la kulinganisha nalo, na eneo hilo likawa la mtambo wa Dodoma. Kuanzia 1993 hadi 1995 mtambo wetu ulirusha vipindi vingine saa ile ya mchezo. Ripoti waliyochapisha Everett Rogers na wenzake mwaka 1999 ilionyesha kwamba mahali mchezo uliposikika, watu wapya walioingia kwenye uzazi wa mpango waliongezeka. Kwetu hali ilibaki ilivyokuwa, mpaka mchezo ulipoanza kusikika mwaka 1995, na sisi tukaanza kuongezeka. Sina ugomvi na utafiti, ingawa sikumbuki mtu kuja Zuzu kutuuliza kama tunakubali kuwa wale wasiosikia. Ninachosema ni kwamba wataalamu walitumia miaka na fedha kupima uzito wa mchezo wa redio, wakaukuta mzito. Halafu mimi, mtoto wa eneo lile lile lililonyimwa mchezo, nikapewa michezo minane mkononi, nikaifuta.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Zuzu alinipigia simu. Kwenye sanduku la marehemu bibi yake amekuta kaseti ya kwaya, na upande wa pili kuna sauti za wazee wanaobishana juu ya deni. Nilikwenda siku hiyo hiyo. Tulikaa na binti wa mzee, ambaye sasa naye ana wajukuu, tukaisikiliza kwenye redio ya jirani. Ni sehemu ya tano. Bibi alikuwa ameirekodi kwa kuweka redio kaseti yake mbele ya redio nyingine, kwa hiyo kuku wa uani wanasikika kuliko waigizaji. Baiskeli ipo. Hodi ipo. Ugali unaliwa hadi mwisho. Kinafika kile kimya, wote tukainama kuisogelea redio, na pale pale ikaingia kwaya.

Binti akasema, "Aaa, bado yuko Manyoni." Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, akaomba turudishe nyuma tusikilize tena.

Sehemu saba bado zimo mikononi mwa watu, au hazimo kabisa. Basi msikilizaji, kama una kaseti ya zamani nyumbani, iwe ya wazee hawa au ya mchezo mwingine wowote uliourekodi redioni, usiiweke haraka kwenye redio mbovu, itatafunwa. Izungushe kwanza kwa kalamu taratibu. Na vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, vivunje leo leo, ili mtu asije akarekodi juu yake. Kisha niletee hapa studio. Ukifika getini mwambie mlinzi umeleta deni la wazee wa Zuzu. Atakuruhusu, maana nimeshamwambia.