Pishi Kwanza, Upatanisho Baadaye



Ndugu wapendwa, wengi wenu mliokusanyika hapa Kengeja mmekabidhiwa watu: shuleni, zahanati, au vibarua msimu wa karafuu. Nami nitasema juu ya ugomvi kazini.

Msimu mmoja niliitwa kusuluhisha kambi ya karafuu. Wanaume walichuma mitini, akina mama walikaa mkekani wakichambua karafuu na makonyo. Wote walilipwa kwa pishi. Msimamizi akaniambia, “Padre, wanawake hawa hawapatani, kila jioni ni kelele.” Nami, nakiri, niliwahubiria uvumilivu robo saa nzima. Bibi mmoja akanijibu kwa upole, “Baba, ngoja tupimiwe.”

Nikangoja. Pishi ya wachumaji ilifutwa kwa ufito, ikawa sawa na ukingo. Ya akina mama ilijazwa mpaka ikafanya kilima. Niliona haya. Msimamizi hakuwa mwizi. Wanaume wangepunjwa wangehamia shamba jingine, na akina mama, wenye watoto na nyumba za kurudi, wasingeweza. Mzigo aliusukumia pasipokuwa na ukinzani.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaita wachochezi. Walikusanya jumuiya, wakachaguliwa watu saba, na majina yao yote, Stefano, Filipo na wenzao, ni ya Kigiriki. Usimamizi ulitiwa mikononi mwa upande ulionung'unika! Sijui wangapi kati yetu tungethubutu.

Serikali nayo imekwisha kusema: Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Na. 11 ya 2005, yakataza ubaguzi wa jinsia kazini. Lakini sheria haifiki mkekani yenyewe. Yabidi msimamizi awasikilize walalamikaji, amsikilize na mlalamikiwa, kisha aandike alichoamua. Asimhamishe aliyelalamika ili apate utulivu. Huko ni kumwadhibu. Wala asiulize mtu ni wa dini gani, maana vibarua wetu walio wengi ni ndugu zetu Waislamu.

Kesho yake pishi zote zilifutwa. Kelele zilipungua, ingawa akina mama wawili waliendelea kununiana kwa sababu ya kuku aliyepotea. Hao ndio niliowarudia na mahubiri yangu ya uvumilivu.