Damu Inapotoa Taarifa ya Moyo



Mgonjwa wa moyo anayetoka Gisenyi, mji wa Wilaya ya Rubavu ulio ukingoni mwa Ziwa Kivu na mpakani na Goma, hana budi kusafiri kiasi cha kilomita 150 hadi Kigali ili apasuliwe. Katika Hospitali ya King Faisal, Wanyarwanda wamefanya kazi hiyo pamoja na wapasuaji wa ng'ambo, wakiwemo Team Heart wa Boston waliofika mwaka 2008.

Wengi wa wagonjwa hao ni vijana. Vali za mioyo yao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, itokanayo na ugonjwa wa koo usiotibiwa. Makambi yanaujua ugonjwa huo: mwaka 1950 madaktari wa jeshi la Marekani walioko kambi ya Warren, Wyoming, walionyesha kwamba penisilini ikitolewa mapema huizuia homa hiyo. Lakini vali ikishaharibika vibaya, sindano haiirudishi. Hapana budi kifua kifunguliwe.

Ili vali ibadilishwe, moyo husimamishwa. Mshipa mkuu hubanwa, moyo humiminiwa maji baridi yenye potasiamu ukanyamaza, na mashine hushika zamu ya moyo na mapafu. Muda wote huo msuli wa moyo unakosa damu yake ya kawaida, na kisu nacho huuchubua. Usiku ule swali ni moja tu: je, haya ni majeraha ya kawaida ya upasuaji, au kuna mshipa ulioziba, na mgonjwa yumo katika usingizi wa dawa, asiweze hata kusema kwamba kifua kinamwuma?

Hapo ndipo damu huulizwa. Ndani ya msuli wa moyo imo protini iitwayo troponini, inayoongoza kukaza na kulegea kwake. Msuli ukiumia, troponini huvuja ikaingia katika damu. Hugo Katus na wenzake wa Heidelberg, Ujerumani, walieleza kipimo chake mwaka 1989. Vipimo vya zamani vilitegemea vimeng'enya vilivyomo pia katika misuli ya mikono na miguu, basi kifua kilichopasuliwa kiliweza kumpotosha daktari.

Je, sasa kazi imekwisha? La hasha. Kila moyo uliopasuliwa huvuja. Hata askari mzima aliyetoka katika mwendo mrefu wa kasi huweza kukutwa na troponini ya ziada. Mwaka 2022 ulitolewa uchunguzi wa wagonjwa 13,862 katika nchi 12. Kwa waliounganishiwa mishipa ya moyo au kubadilishiwa vali ya mshipa mkuu peke yake, hatari ya kufa katika siku 30 ilionekana kuongezeka pale troponini I ilipopita nanogramu 5,670 kwa lita katika siku ya kwanza, yaani mara 218 ya kikomo cha mtu mzima wa afya. Kwa upasuaji mwingine wa moyo ilikuwa 12,981, mara 499. Daktari anayeshtushwa na mara 10 tu, pasipo dalili nyingine, atawarudisha wengi chumba cha upasuaji bure.

Tena wengi wa waliochunguzwa walikuwa watu wa makamo na wazee. Kijana wa Rubavu mwenye vali iliyokakamaa si lazima afuate hesabu ile ile. Kwa hiyo namba moja haitoshi. Damu hupimwa tena baada ya saa kadhaa, ionekane kama inapanda au inashuka. Kipimo cha umeme wa moyo husomwa, na picha za mawimbi ya sauti huonyesha ukuta wa moyo usiocheza.

Troponini huweza kukaa katika damu siku kumi na zaidi. Mgonjwa akirudi Gisenyi kisha akabanwa na kifua, daktari wa huko atapata namba kubwa asijue ni ya jana au ya juma lililopita. Na mashine mbili tofauti hazitoi namba za kulinganishwa. Basi mgonjwa anapopanda gari Kigali, karatasi yenye namba zote, saa zilipochukuliwa na aina ya kipimo, haina budi kusafiri pamoja naye.