Mwajiri na Sheria Zinazobadilika
Mwenye karani mmoja dukani asidhani ya kuwa sheria za kazi ni za wenye mashamba makubwa tu. Tangu Oktoba 2024 makato ya NHIF yamekoma. Badala yake mtumishi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa Bima ya Afya ya Jamii. Kwa ajili ya nyumba hukatwa asilimia 1.5, naye mwajiri huongeza kiasi hicho hicho kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Kumkata mtumishi mara mbili ni dhuluma. Tena, Sheria ya Ajira ya 2007 yakataza kumfukuza mtu kwa kosa kabla hajaelezwa kosa lenyewe na kusikilizwa, mwenziwe wa kazini akiwapo. Mwenye shaka na amwendee Afisa wa Kazi kabla ya siku ya mshahara.