Mafagio ya Durban na jezi ya Mandela

Picha ya Nelson Mandela akiwa amevaa jezi ya kijani namba 6, akimkabidhi kombe nahodha wa timu ya raga ya Afrika Kusini, Francois Pienaar, imezunguka dunia nzima tangu tarehe 24 Juni mwaka 1995. Ilipigwa katika uwanja wa Ellis Park mjini Johannesburg. Hata hivyo, ilikosekana kidogo tu, na kisa chenyewe ni cha Durban.

Wiki moja kabla, tarehe 17 Juni, Afrika Kusini ilikuwa ikutane na Ufaransa katika nusu fainali kwenye uwanja wa Kings Park mjini humo. Mvua ilinyesha hata uwanja ukawa dimbwi, na mchezo ukacheleweshwa kwa zaidi ya saa moja. Lau mechi ingevunjwa, Ufaransa ndiyo ingesonga mbele, kwa kuwa mchezaji mmoja wa Afrika Kusini alikwishatolewa nje katika mechi dhidi ya Canada. Ndipo wakaingia wanawake Waafrika wa usafi, mafagio mikononi, wakayasukuma maji nje. Wenyeji wakashinda kwa pointi 19 kwa 15.

Picha ya wanawake hao nayo ipo. Siyo hiyo wanayoitamani wanasiasa.

Mandela alijua thamani ya jezi ile, na bei yake pia. Nembo ya swala ilikuwa ya Wazungu. Kwa miaka mingi, Mwafrika aliyeingia uwanjani aliishangilia timu ya wageni. Kuivaa kulikuwa kuwaudhi wafuasi wake mwenyewe.

Waliomfuata waliipata picha bila kulipa bei hiyo. Oktoba 2007 mjini Paris, wachezaji walimbeba Thabo Mbeki mabegani, kombe mkononi. Desemba mwaka huo huo, wajumbe wa ANC walimng'oa katika uongozi wa chama huko Polokwane. Oktoba 2023, Paris kwa mara nyingine, Cyril Ramaphosa aliliinua kombe pamoja na wachezaji. Mei 2024 ANC ilipoteza wingi wake bungeni kwa mara ya kwanza tangu 1994, na katika KwaZulu-Natal, jimbo la Durban, ikaambulia chini ya moja ya tano ya kura. Chama kipya cha Jacob Zuma, mtu ambaye hakuwamo kabisa katika picha ile, kilipata takriban asilimia 45.