Mazungumzo ya Wiki: Rangi Iliyomo Ndani ya Jicho

Huko Hadado, upande wa magharibi wa mji wa Wajir, jua linapotua ndipo kazi huwa nyingi. Ngamia na mbuzi hurudi kutoka malishoni, ndama hufungwa, maziwa hukamwa, na watoto hutumwa huku na huko. Saa hiyo hiyo humfichua mtoto ambaye macho yake yamepungukiwa. Mchana kutwa alicheza na wenziwe bila shida. Giza likianza kuingia hujikwaa katika kamba, hupapasa mlango, na hung'ang'ania nguo ya mama yake asitake kwenda popote. Watu humwita mvivu au mwoga. Pengine si mvivu wala si mwoga, bali jicho lake limeishiwa na rangi.

Rangi hiyo si ile nyeusi ionekanayo kwa nje. Nyuma kabisa ya jicho pana utando mwembamba uitwao retina, na ndani yake mna chembe hai zenye umbo la vijiti, zipatazo milioni 120 katika kila jicho. Hizo ndizo zionazo wakati wa mwanga hafifu, nazo zimejaa rangi ya wekundu wa zambarau iitwayo rodopsini. Mwaka 1876 Mjerumani Franz Boll, aliyekuwa akifanya kazi Roma, aliutazama utando wa jicho la chura aliyewekwa gizani akauona ni mwekundu. Ulipokaa katika mwanga, wekundu ukatoweka. Mwenziwe Wilhelm Kühne akaendelea na uchunguzi huo kwa bidii kubwa.

Rodopsini ni protini iliyokumbatia kipande kidogo kilichopindika, jina lake retinali. Mwanga ukikigusa kipande hicho hunyooka, mfano wa mtego unaofyatuka, na habari hupelekwa ubongoni. Chembe moja tu ya mwanga yaweza kukifyatua kijiti kimoja. Lakini mtego uliofyatuka hauna budi kutegwa upya. Ndiyo maana mtu atokaye katika jua kali la Wajir akaingia nyumba yenye giza huwa kama kipofu kwanza, na macho yake hayapati nguvu zote mpaka ipite nusu saa hivi.

Fisi na mbuzi wamezidishiwa kitu kingine. Nyuma ya retina zao pana kioo kinachourudisha mwanga uipitie rangi ile mara ya pili, na ndicho king'aacho mtu awamulikapo kwa kurunzi. Hata vijidudu visivyo na macho vina rangi za namna hii. Vijidudu vipendavyo chumvi, wa jamii ya vile vinavyoyatia wekundu maji ya Ziwa Magadi, vipo vinavyotumia retinali kuuteka mwanga wa jua na kuugeuza kuwa nguvu ya kuishi.

Kwa binadamu, retinali hutokana na vitamini A, na vitamini hiyo haipatikani ila kwa chakula. Wamisri wa kale waliitumia ini la ng'ombe kutibu macho yasiyoona usiku, ingawa hawakuijua sababu. Mwaka 1925 Fridericia na Holm walionyesha kuwa panya walionyimwa vitamini A huchelewa kuirudisha rangi ya macho yao. Na mwaka 1933 George Wald akaikuta vitamini yenyewe ndani ya retina. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1967.

Mfugaji huipata kwa maziwa na ini. Lakini mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, mifugo mingi ilikufa na maziwa yakakatika, na uji mtupu wa mahindi meupe hauna vitamini hiyo. Surua nayo huimaliza haraka ile akiba iliyomo mwilini. Baada ya upofu wa usiku, weupe wa jicho hukauka na kuota mabaka kama povu. Kisha kioo cha mbele huweza kulainika na kutoboka, na hapo mtoto amepofuka moja kwa moja.

Kabla ya kufikia hapo dawa ipo. Katika zahanati za Kenya watoto hupewa matone ya vitamini A kila miezi sita, tangu umri wa miezi sita mpaka miaka mitano. Yule ambaye haoni jioni apelekwe mara moja bila kungoja zamu yake; akitibiwa mapema huanza kuona usiku baada ya siku chache. Mama mwenye mimba asiyanywe matone ya mtoto, kwani vitamini hii ikizidi humdhuru aliye tumboni. Na mafuta ya kupikia, ambayo tangu 2012 sheria ya Kenya yataka yatiwe vitamini A, yasianikwe juani katika chupa nyeupe mbele ya duka: mwanga huiharibu.